Kwa anayeanza kuandika hadithi za uvumilivu na familia

Wengi wanaoanza kuandika hadithi za aina hii hutanguliza methali. "Mvumilivu hula mbivu" imekwisha kukaa kichwani, ndipo anatafutwa mtoto wa kuithibitisha. Anateseka mwanzoni, anajitahidi katikati, anashinda mwishoni, na jamaa zake wote wanashangilia. Watoto hawaiamini hadithi hiyo, na watu wazima wanajua mwisho wake kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Lugha tamu haiwezi kuiokoa.

Ushauri wangu ni uanze na kizuizi, na ukijue kama anavyokijua mtu anayeishi nacho. Tuseme mhusika wako mkuu ni msichana wa miaka tisa mwenye kigugumizi, naye anataka kughani shairi mbele ya shule nzima. Ukiandika kwamba alikazana mpaka kigugumizi kikaisha, umemdanganya kila mtoto mwenye hali hiyo atakayekisoma kitabu chako. Kigugumizi hakishindwi kwa nguvu. Mara nyingi kujikaza ndiko kunakokizidisha. Kwa hiyo soma kwanza. Utakuta kwamba kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, na kwamba wengi kinawaacha kadiri wanavyokua, ila si wote. Utakuta pia kwamba anayekwama akizungumza aghalabu hakwami akiimba, wala akisoma kwa sauti moja na wenzake.

Sasa umepata msuko. Msichana anagundua kwamba akiliimba shairi, linatoka lote. Anafurahi, halafu mwalimu anamwambia mashindano ni ya kughani, si ya kuimba. Anajaribu kusoma pamoja na rafiki, anafaulu, rafiki anaugua. Kila jaribio limpe kitu na limnyang'anye kitu, ili jaribio linalofuata lisiwe marudio. Mhusika akifanya jambo lile lile mara tatu kisha akafaulu mara ya nne, msomaji ataona bahati tu.

Tukija kwenye familia, hapo ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Usiigeuze kuwa kundi la kupiga makofi, wala usimtafute mtu mbaya wa kulaumiwa. Mpe msichana kaka anayempenda kweli. Mgeni akimuuliza msichana jina, kaka anajibu. Akikwama katikati ya sentensi, kaka anaimalizia. Wataalamu wa tiba ya usemi huwashauri jamaa wasifanye hivyo, wamsubiri mtoto amalize mwenyewe, lakini kaka hajui. Anachojua ni kwamba haya ya dada yake inamuuma yeye pia. Basi siku moja msichana anamwambia, "Ngo-ngoja. Nitasema mwenyewe." Andika sura nzima kuhusu usiku wa siku hiyo. Kaka amekuwa mdomo wa dada yake tangu utotoni, na sasa kazi hiyo imekwisha. Mtoto anayesoma atamshangilia dada. Mzazi anayesoma atawaza ni sentensi ngapi amezimalizia kwa ajili ya wanawe. Aya ni ile ile, nao wawili wamesoma mambo mawili.

Kusimulia kwa nafsi ya tatu iliyokaa karibu na mtoto kunasaidia sana hapa. Mwandike aone, na usimwandike aeleze. Mama katika hadithi hii hapokei simu. Ikilia, humpa yeyote aliye karibu. Msichana analiona hilo kama tabia ya mama tu. Msomaji mzima akikumbuka kwamba kigugumizi mara nyingi hupita katika ukoo, atajua mama amekuwa akificha nini miaka yote. Nakusihi usiongeze sentensi ya kufafanua. Ukitaka mama aungame, aungame kwa kuipokea simu mwenyewe karibu na mwisho, akikwama, binti akisikiliza.

Kuhusu urefu, jambo ni fupi. Vitabu vya picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa za uchapaji hukunjwa zikatoa kurasa 8 au 16. Humo inaingia siku moja na jaribio moja, basi. Kaka, mama na simu vinahitaji kitabu cha sura kwa msomaji wa miaka minane na kuendelea. Amua mapema, kwa sababu hadithi moja haiwezi kutosha kote kuwili.

Usomee watoto mswada wako kwa sauti. Usiwaulize kama wameupenda, kwani watakuonea huruma. Tazama wanapoanza kuchezea vidole, weka alama pembeni, kisha urudi mahali hapo. Mara nyingi utakuta ndipo ulipoanza kuhubiri.

Kuhusu mwisho, msichana apande jukwaani, akwame, alimalize shairi. Kigugumizi kibaki. Kama kuna zawadi, apewe mtu mwingine. Usimwinue mwalimu mkuu aje kueleza tumejifunza nini.

Na kabla ya kumpelekea mhariri, mpe mswada mtu mwenye kigugumizi, na umwombe akuonyeshe ulipokosea. Akisema sura unayoipenda kuliko zote si ya kweli, iondoe, kisha uandike nyingine.