Doa linalouma pajani baada ya kuanza warfarin: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu mama yake

Dada, umeandika kwamba mama yako yuko siku ya nne ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, paja lake lina doa jekundu linalogeuka zambarau, analalamika linauma, na jirani amesema ni aleji tu, apewe Piriton. Naomba umpeleke hospitali leo leo, kabla ya kidonge cha usiku, daktari aamue kama anaendelea nacho. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Nasema hivi kwa sababu dawa hizi nimezitumia mwenyewe. Damu iliniganda mguuni baada ya kujifungua kwa upasuaji, na ngozi yangu nayo ilileta shida, ila haikuwa shida ya aina hiyo.

Warfarin inalizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu. Lakini ini hilo hilo linahitaji vitamini K kutengeneza protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo. Protini C hupungua haraka, ndani ya saa chache tu, wakati nyingi ya zile za kugandisha zinachukua siku kadhaa kushuka. Kwa hiyo siku za mwanzo mtu anaweza kuwa kama gari lililokatika breki huku injini bado inavuta. Damu inaganda kwenye vimishipa vidogo vya ngozi, hasa penye mafuta: matiti, mapaja, makalio, tumbo. Panaanza kuuma, panakuwa pekundu, panaiva zambarau, malengelenge ya damu yanatoka, kisha ngozi inakufa na kuwa nyeusi. Ni nadra, pengine mtu 1 kati ya 1,000 hadi 10,000, wengi wao wanawake, na mara nyingi hutokea kati ya siku ya 3 na ya 10. Mama yako yumo humo humo. Ndiyo maana mwenye damu iliyoganda huanzishwa warfarin pamoja na sindano za heparini, nazo za kuzuia damu kuganda, kwa siku 5 au zaidi, mpaka INR (kipimo cha damu kinachoonyesha warfarin imefanya kazi kiasi gani) ifike 2. Uliza kama mama alipewa sindano hizo.

Mimi zilinisumbua sindano zenyewe, enoxaparin, ambayo ni aina ya heparini, zile za kuchoma tumboni. Baada ya wiki moja na kitu, kila nilipochomwa palitoka bamba jekundu kama kiganja, gumu kidogo ukilibonyeza, lenye vipele pembeni, linawasha mno usiku. Niliweka kitambaa cha maji baridi ndipo nikapata usingizi. Ile ndiyo aleji, na kuwasha ndiko kulikoitambulisha. Hata hivyo daktari hakuishia kuangalia kwa macho. Alipima kwanza chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kugandisha, kwa sababu heparini inaweza kuzishusha, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10, na hapo damu huganda badala ya kuyeyuka. Zangu zilikuwa sawa. INR yangu ilikuwa imeshafika, sindano zikasimamishwa, nikabaki na warfarin huku nikinyonyesha, maana haipiti kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto.

Alama za damu kuvilia, zile za bluu zinazogeuka kijani kisha njano, sisi wa warfarin tunazijua. Ukijigonga kidogo tu, ipo. Zikianza kuja bila kujigonga, au fizi zinatoka damu, au choo ni cheusi, nenda kapime INR, na umweleze daktari dawa zote ulizotumia karibuni. Flagyl na Septrin zinaipandisha sana INR, na diklofenaki inaongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Vidole vya miguu vikiwa zambarau na kuuma wiki kadhaa baada ya kuanza dawa, hilo nalo ni la hospitali.

Ila msimwachishe dawa kienyeji mkakaa nyumbani. Bonge la damu la mguuni likipanda mapafuni linaua.

Kabla ya kutoka, zungushia doa kwa kalamu ya wino na uandike saa, daktari aone linatanuka kwa kasi gani. Beba vidonge vyenyewe na kadi. Mwambie pia kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kugandwa na damu akiwa bado kijana, maana upungufu wa protini C hurithiwa.