Ukienda Rosslyn Chapel, usiwe na haraka

Kama unaishi Uingereza au unapita Edinburgh, tenga nusu siku uende Rosslyn Chapel. Ni kanisa dogo kijijini Roslin, kusini mwa mji kama kilomita 11 hivi, basi namba 37 linakufikisha. Mimi nimeenda mara mbili na ile ya kwanza niliiharibu mwenyewe, ndo maana naandika.

Nilienda kichwa kimejaa mambo ya ile riwaya ya 2003, The Da Vinci Code, na filamu yake, mara Watempla, wale watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba, mara kikombe cha Yesu kimefichwa chini ya sakafu, basi nikaingia natafuta alama za siri tu, dakika ishirini nikawa nimeshatoka. Kumbe Watempla walivunjwa na Papa 1312 na kanisa lilianzishwa na Sir William Sinclair 1446, zaidi ya miaka 130 baadaye. Ningejua hilo mapema ningetumia macho yangu kwa kilichopo.

Mara ya pili nikaenda na mjomba, fundi wa kuchonga milango kule Unguja, alikuja kututembelea. Tulipoenda ndani hawakuruhusu kupiga picha, na nakwambia usinung'unike, simu ikikaa mfukoni ndo unaanza kuona. Mjomba alisimama kwenye Nguzo ya Mwanagenzi karibu nusu saa. Kwenye kitako kuna majoka manane, na mizabibu imejisokota kuizunguka nguzo mpaka juu, yote jiwe tupu. Akawa anafuata ule msokoto kwa kidole hewani, hagusi, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, mti ukikosea unatia kiraka. Hapa akikosea imekwisha."

Wanasimulia kwamba fundi mkuu alisafiri ng'ambo kwenda kuona nguzo ya mfano, huku nyuma mwanagenzi wake akaota ameimaliza, akaamka akaichonga, fundi kurudi wivu ukampanda akampiga nyundo ya kichwa akafa. Juu ukutani utaonyeshwa uso wa kijana una jeraha kwenye paji, na uso wa fundi umewekwa unaitazama nguzo ile milele. Hadithi ya namna hii ipo pia kwenye kanisa la Saint-Ouen mjini Rouen, Ufaransa, kwa hiyo isikilize vizuri lakini usiende kuisimulia kama historia. Mjomba alisema tu, "Wivu wa karakana naujua."

Kuna na dirisha limezungushiwa michongo wanayosema ni mahindi, wakati mahindi asili yake ni Amerika na Columbus alifika huko 1492, miaka mingi baada ya kanisa kuanzishwa. Mimi nimekua shambani kwenye mahindi, nimeyatazama yale mawe vizuri na sijashawishika, ila nenda ujionee mwenyewe.

Tiketi kata mtandaoni mapema, fika asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajajaa, vaa jaketi hata kama jua linawaka. Waongozaji wanatoa maelezo humo humo ndani bila malipo ya ziada, kaa kwenye benchi usikilize mpaka mwisho halafu ndo uanze kuzunguka. Waombe wakuonyeshe maandishi ya Kilatini karibu na ile nguzo, yanasema divai ina nguvu, mfalme ana nguvu zaidi, wanawake wanawazidi hao, lakini kweli hushinda vyote. Mjomba aliniomba nimtafsirie mara mbili, akayaandika kwenye kidaftari chake cha vipimo, tukateremka bondeni kwa miguu kuona magofu ya ngome ya hao hao Sinclair.