Maswali ya mabonge: foki inapolala

Mwezi huu karibu barua zote zimetoka kwa watu wa kilo mia kwenda juu, na wote wanalia na kitu kimoja: foki ya mbele ya baiskeli ya milima, ile miguu miwili yenye shoki inayoshika gurudumu. Nimefurahi, maana na mimi ni wa chama hicho. Mizani yangu inasoma 112 asubuhi kabla ya chai. Nikivaa kofia, viatu na mkoba wenye lita tatu za maji nafika 118, na hiyo ndiyo namba ninayoitumia. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Kilo za bafuni ukiwa na taulo hazina maana kwa foki.

Shikamoo fundi. Nina kilo 118, napenda kupanda Morningside hapa Morogoro kisha kushuka. Foki yangu ni Suntour XCM ya springi, mwendo milimita 100, yaani ndicho kiasi inachoweza kuzama. Kwenye mteremko kila jiwe inagonga chini "ko!" Fundi wangu amekaza kifundo cha juu mpaka mwisho, haijasaidia kitu. Ninunue nini?

Marahaba. Fundi wako amefanya wanachofanya mafundi wengi, ila kifundo kile hakifanyi springi kuwa ngumu. Tuchukue mfano. Springi fulani inataka kilo 8 ili ishuke sentimita moja. Ukikaza kifundo ukaibana milimita 5, umeiwekea kilo 4 za kuanzia, basi. Baada ya hapo kila sentimita inayofuata bado ni kilo 8 zile zile. Ukiikalia, baiskeli itasimama juu kidogo na utadhani imepona. Ukifika kwenye jiwe utasikia "ko!" kama jana. Ugumu umo ndani ya springi yenyewe, katika unene wa waya na idadi ya mizunguko. Ukiutaka, badili springi.

Kabla ya kutoa hela, pima. Funga kamba ndogo ya plastiki, zile za kufungia nyaya, kwenye bomba la juu la foki, uisukume hadi iguse sili, ule mpira unaozuia mafuta. Vaa kila unachovaa njiani. Panda taratibu ukiwa umeegemea ukuta, simama kwenye pedeli bila kudundadunda, kisha shuka kwa upole uangalie kamba imesukumwa wapi. Foki ya milimita 100 inatakiwa ilale, yaani izame kwa uzito wako tu, kati ya milimita 15 na 25. Ikizidi 30, springi hiyo ilitengenezewa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni wa kilo 70 hivi.

Suntour hutengeneza springi ngumu zaidi kwa baadhi ya foki zake. Kama una ndugu anayeweza kukuagizia, anza na hiyo, ndiyo njia ya bei ndogo. Usitegemee kuikuta dukani. Njia ya pili ni foki ya upepo, ambayo ndiyo rafiki wa kweli wa bonge, kwa sababu ugumu wake unauweka mwenyewe kwa pampu. Leo umenenepa, unaongeza. Umepungua (tunaota tu), unatoa.

Lakini angalia na unene wa bomba za juu. Hapo watu wetu wengi wanakosea: wanauliza chapa na mwendo, hawaulizi unene. Foki nyingi za bei nafuu zina bomba za milimita 28 au 30. Chini ya mtu wa kilo 118 anayefunga breki kwenye kona, bomba hizo zinapinda na kujinyonga, na gurudumu linakwenda lilikopenda lenyewe. Fox wamerahisisha kazi, maana namba kwenye jina ndiyo unene: 34, 36, 38. Kwa RockShox, foki zao za Pike na Lyrik ni 35, ZEB ni 38. Kwa njia za Uluguru mimi ningesema 32 ndiyo ya chini kabisa, na 34 au 35 ndipo utakapolala usingizi.

Sasa neno lisilopendeza. Foki ya upepo ya maana inaweza kuzidi bei ya baiskeli yako nzima. Ikiwa ndivyo, iuze hiyo baiskeli kwa mtu mwembamba, utafute ya mtumba iliyokuja na foki nzuri tangu kiwandani. Kumvisha punda tandiko la farasi ni hasara niliyoifanya mara mbili.

Habari ya kazi. Niko Nairobi, kilo 125, naendesha Karura na wikendi Ngong. Nimenunua foki ya upepo, lakini jedwali lililobandikwa mguuni linaishia uzito mdogo kuliko wangu. Naweza kujaza kwenye petrol station?

Hapana, tena hapana. Ndani ya foki nafasi ya upepo ni ndogo mno. Mashine ya kujazia matairi ya gari inaweza kupitiliza kwa kufumba na kufumbua, na huna namna ya kuongeza kidogo kidogo. Nunua pampu ya shoki: ndogo, ya mkono, yenye mpira mwembamba na saa ya kupimia inayofika PSI 300 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo). Unapoifungua utasikia "psss" ukashtuka. Tulia, huo ni upepo wa mpira wa pampu, si wa foki. Na ukiirudisha kuangalia, saa itasoma chini kidogo kuliko ulivyoiacha, kwa sababu foki imeujaza ule mpira kwanza. Nimewaona watu wakirudisha foki dukani kwa hilo tu.

Kuhusu jedwali, lichukue kama makisio ya kuanzia. Unachoheshimu ni namba ya juu kabisa ya PSI iliyoandikwa kwenye foki au kitabu chake. Hiyo usiivuke. Panda kwa hatua za PSI 5, pima kwa kamba kama nilivyomwambia wa Morogoro. Ukifika kwenye kikomo na foki bado inalala zaidi ya asilimia 30 ya mwendo wake, foki hiyo si yako.

Ikiwa inalala vizuri lakini kwenye mashimo makubwa inagonga chini, usiongeze upepo. Foki nyingi za RockShox na Fox hukubali vipande vya plastiki vinavyopunguza nafasi ya upepo. RockShox huviita tokeni. Ukiongeza kimoja, mwanzo wa mwendo unabaki laini na mwisho unakuwa mgumu. Toa upepo wote kabla ya kufungua kifuniko. Narudia: wote.

Na kitu ambacho mabonge husahau ni kasi ya kurudi. Upepo ukiwa mwingi foki inaruka juu kama chura, inakurushia usukani kifuani. Kile kifundo chekundu cha chini mguuni ndicho cha kuipunguza. Kizungushe polepole kuelekea alama ya kobe, jaribu kwenye ngazi tatu nne, kizungushe tena. Mwembamba atakiacha karibu na sungura, wewe utakaa karibu na kobe.

Kaka, nina baiskeli ya inchi 26 ya zamani, breki zake zile za V. Hapa Arusha nimepata foki ya mtumba ya inchi 29, safi kabisa, ila shina lake, lile bomba linaloingia kwenye shingo ya fremu, ni pana chini. Fundi anasema atalisaga liingie. Unaonaje?

Naona meno yako yakiwa kwenye changarawe. Usiruhusu mtu asage shina la foki. Bomba hilo ndilo linalokushika wewe na baiskeli pamoja, na likikatika halitoi taarifa.

Shina la zamani ni milimita 28.6 juu mpaka chini. La kisasa ni 28.6 juu, chini linafika karibu 40. Pima ndani ya shingo ya fremu yako bila vikombe vya beringi. Ukipata 34, shina pana haliingii kwa dua wala kwa nyundo. Ukipata 44, kuna kikombe cha beringi cha chini kinachokaa nje ya shingo na kulipokea vizuri. Fremu ya umri wa yako nakisia ni 34.

Hata lingeingia, foki ya 29 ni ndefu kuliko ya 26, kwa hiyo mbele ingenyanyuka. Haina vishikio vya breki za V, kwa hiyo ungebaki bila breki ya mbele. Ekseli yake pengine ni ya milimita 15, na hapu yako (kitovu cha gurudumu) ni ya ekseli nyembamba ya 9. Hayo ni magomvi manne kwa foki moja. Iache.

Ukikutana na mtumba unaofaa, fanya hivi papo hapo mbele ya muuzaji. Pitisha ukucha kwenye bomba za juu: ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, mafuta yatavuja na sili hazitadumu. Angalia shina halijakatwa fupi kuliko shingo yako pamoja na stemu, kile kipande kinachoshika usukani. Ulizia na sauti: likifungwa kwenye baiskeli, ukashika breki ya mbele na kusukuma, pale shina linapoingia kwenye taji (kiungo cha juu cha miguu miwili ya foki) pasilie kama mlango wa banda.

Mzito si ndiyo anahitaji mwendo mrefu zaidi? Nataka kutoka 100 kwenda 140.

La. Mwendo mrefu haukupi nguvu. Springi laini ya 140 itagonga chini vile vile, ila itachelewa kidogo. Kila milimita 20 unazoongeza, usukani unalala nyuma kwa takriban nyuzi moja, na shingo ya fremu inavutwa kwa wenzo mrefu zaidi, tena na kilo zako. Ongeza 20 kama mtengenezaji wa fremu anaruhusu, ukomee hapo. Greg Herbold alishinda ubingwa wa dunia wa kushuka mlima kule Durango, Marekani, mwaka 1990, akiwa na foki ya RockShox ambayo mwendo wake haukufika milimita 50.

Mimi ni mama wa kilo 96, niko Kahama. Siendi mlimani, ni kazini na sokoni kwa barabara ya vumbi. Shoki za baiskeli yangu zimekufa, zinacheza kushoto na kulia. Ni lazima ninunue nyingine za shoki?

Si lazima, dada yangu, na barua yako ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Weka foki ngumu ya chuma isiyo na shoki kabisa. Hao wanaopita na magunia ya mkaa kwenye Phoenix, umewahi kuona mmoja mwenye shoki? Foki ya shoki ya bei ya chini ni uzito na takataka zinazotikisika, na ukibadili kwa nyingine ya aina hiyo utaniandikia tena mwakani.

Zingatia urefu tu. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi pale taji linapokutana na beringi ya chini. Foki ya shoki ya inchi 26 yenye mwendo wa 100 huwa kama sentimita 47. Toa mbili za kulala, tafuta ngumu yenye 45 hivi. Ukiweka fupi ya baiskeli ya kawaida, mbele itainama na utakuwa unasukumwa kichwa chini. Ihakikishe ina vishikio vya breki ulizonazo. Kisha nunua tairi pana la mbele, inchi 2.2 au zaidi kama lina nafasi, usilijaze hadi liwe jiwe. Hiyo ndiyo shoki yako.

Foki yangu ya upepo inatoka mafuta baada ya vumbi la Hell's Gate, Naivasha. Fundi wa pikipiki kanishauri oili ya injini.

Mshukuru, usimfuate. Oili ya injini ni nzito mno kwa njia nyembamba za ndani ya foki. Badili sili, na uagize mafuta yaliyotajwa na mtengenezaji. Miguu ya chini hutaka mililita chache tu. RockShox wanasema miguu ya chini ifunguliwe na kusafishwa kila saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi la Naivasha na uzito wetu, mimi sifiki 50. Na usioshe kwa mashine ya presha.

Breki ya mbele haishiki nikishuka, kilo 130. Foki mpya itasaidia?

Foki haina kosa. Weka diski ya breki ya kipenyo cha milimita 203, baada ya kuhakikisha foki yako inairuhusu. Foki nyepesi nyingi za mbio huishia 180.