Maswali ya Wasomaji: Vikao vya kuacha pombe nitavipata wapi?

Ndugu wahariri, salaam. Nauza viazi Uyole. Nakunywa komoni au bia kila siku, na asubuhi lazima nizimue ndipo mikono itulie. Nasikia kuna vikao vya AA (Alcoholics Anonymous), vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Nitavipata wapi, ni shilingi ngapi, na nikifika nafanya nini? Naogopa pia kukutana na mtu wa mtaani kwetu. — Msomaji, Mbeya

Ndugu yetu, kabla ya kikao anza na hospitali. Ukishafika hatua ya kuzimua ili mikono iache kutetemeka, mwili umeizoea pombe, na kuikata ghafla ni hatari. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa 6 hadi 24 baada ya kunywa mara ya mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaua, na nyumbani mara nyingi husemwa kuwa mtu karogwa, muda wa matibabu ukapita. Hospitalini hutolewa dawa za kutuliza, ambazo dozi yake hupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Nenda kliniki ya afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, useme kiasi unachokunywa bila kupunguza hata chupa moja. Anayejibu "kidogo tu" hupangiwa dozi ya kidogo tu. Usichanganye na kliniki ya methadoni. Hiyo ni ya waraibu wa heroini.

Hapo hapo ndipo pa kuulizia kikao. Muulize muuguzi wa afya ya akili, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri: kikundi kipo wapi, siku gani, saa ngapi, ni kikao cha wazi au cha wanachama tu, na nani wa kumpigia simu. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Vikundi huhama chumba bila tangazo. Mtu anapanda daladala, anakuta kufuli, na njia ya kurudi imejaa vilabu. Piga simu siku hiyo hiyo kabla hujatoka.

AA ilianzia Marekani mwaka 1935. Haina ada wala kadi, na sharti lake ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Kapu likipita, watu hutoa walichonacho kwa ajili ya chai na chumba. Mgeni akiliacha lipite bila kutoa kitu, hakuna wa kumkodolea macho. Kikao huchukua saa moja hadi moja na nusu: mwenyekiti anafungua, kinasomwa kipande kifupi, kisha mmoja mmoja anaongea dakika chache bila kukatizwa wala kupewa ushauri. Zamu ikifika unaweza kusema jina lako la kwanza na "leo nasikiliza tu". Kwenye kikao cha wazi unaweza kwenda na mke au ndugu. Ukiwa umekunywa, keti usikilize, ila usiombe nafasi ya kuongea.

Kuhusu jirani: ukimkuta, naye kafuata hilo hilo. Hata hivyo usiri pale ni makubaliano, hauna polisi. Mambo ya madeni, ndoa au kesi usiyamwage kikao cha kwanza. Mtunzie mlezi, yaani mwanachama wa muda mrefu utakayemchagua baadaye. Usikate tamaa kabla ya vikao sita, maana kila kikundi kina tabia yake. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua kikao cha jioni, saa ile ile uliyokuwa ukiingia kilabuni.

Huku Mafinga hatuna kikundi. Tupo wawili tunaotaka kuacha. Tufanyeje? — Msomaji, Iringa

Wawili mnatosha. Tafuteni chumba cha shule, zahanati au ukumbi wa kanisa, mlipe japo kidogo ili msiwe wadeni wa mtu. Sebule ya mmoja wenu haifai: mwenye nyumba akirudia kunywa, kikundi kinakufa naye. Siku na saa zisibadilike hata akija mmoja. Uenyekiti na kapu vizunguke, na msikopeshane hela. Deni hufukuza watu kuliko aibu. Toeni taarifa kwa hospitali ya wilaya ili iwaelekeze wengine kwenu. Kati ya wiki na wiki kuna vikao vya AA kwa simu na intaneti, vingi kwa Kiingereza. Zima kamera, tumia sauti tu, bando litadumu.

Nimeacha pombe. Je, mtogwa, ulanzi mbichi wa asubuhi, naruhusiwa? — Msomaji, Njombe

Hapana, mama. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi, nao huanza kuchacha ungali kwenye mbeta, chombo cha kuukingia, hasa mbeta iliyobaki na chachu ya jana, na jua likizidi unakimbilia kuwa mkangafu, yaani ulanzi mkali. Utamu wake hausemi kiasi cha pombe kilichomo. Msimu wa mvua, ulanzi unapojaa kila kona, ongeza vikao badala ya kupunguza. Msibani au harusini wahi kuchukua kikombe cha chai, maana asiye na kitu mkononi ndiye anayekaribishwa. Wakikushikilia unywe, sema "natumia dawa". Kwa watu wengi hilo huzima mjadala.