Samaki wazima ila kamba na konokono wanakufa, tangi la maji chumvi lina wiki tisa tu

SWALI: Habari za leo mtaalamu. Nina tangi la maji chumvi lita 200, nililinunua kwa mtu aliyekuwa anafuga samaki, nikaliosha nikaweka mchanga mpya na mawe yaleyale aliyonipa, leo ni wiki ya tisa tangu nijaze maji. Samaki wangu wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wanakula vizuri hawana shida yoyote. Juzi nikaleta kamba wawili na konokono sita, nikauelesha mfuko majini dakika 15 ndo nikawamwaga ndani. Kamba mmoja alikufa ndani ya saa mbili, wa pili asubuhi nimekuta ganda lake tu, konokono wanne wamelala chali mpaka sasa. Tumbawe laini nalo limejikunja kama wiki mbili hivi halifunguki. Vipimo: amonia 0.25, nitriti 0, nitrati 15, chumvi 1.024 kwa kile kipimo cha plastiki chenye mshale, joto nyuzi 26. Wiki tatu zilizopita niliondoa kifuniko ili mwanga uingie vizuri, tangu hapo maji yanapungua haraka, kila siku naongeza kama lita mbili za maji ya chumvi ninayochanganya mwenyewe. Sijabadilisha maji bado. Je niweke dawa? Na nilikuwa nataka kuleta kiti cha pweza kasafishe mchanga.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na nashukuru umeandika kila kitu mpaka kile ulichodhani hakina maana, maana jibu lako nimelikuta kwenye ile sentensi ya maji kupungua. Dawa usiweke, tafadhali, hata tone. Dawa nyingi za samaki wa chumvi zina shaba, na shaba inaua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo ambacho samaki hata hakisikii.

Mimi tangi likianza kupoteza wanyama, kabla ya kuangalia vipimo nauliza amekufa nani na nani amebaki. Ingekuwa amonia imepanda sana au hewa imekwisha kwenye maji ungeona samaki wanahema juujuu na hawali, mara nyingi wanateseka wao kabla ya konokono. Ingekuwa ugonjwa wa madoa meupe au ule unga wa dhahabu unaoua samaki kwa siku chache, konokono wasingeguswa kabisa, vimelea vile ni vya samaki. Kwako wewe ni kinyume, samaki wanakula, wasio na uti wa mgongo wanaanguka, na kamba kafa ndani ya saa mbili. Hapo mimi nabaki na vitu viwili tu kichwani, chumvi na shaba, na kwako naanza na chumvi.

Maji yanapopanda hewani chumvi haiendi nayo, inabaki tangini yote. Sasa wewe unarudisha lita mbili zenye chumvi kila siku. Tupige hesabu pamoja: lita mbili mara siku 20 ni lita 40, kila lita ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, kwahiyo umeongeza karibu kilo 1.4 ya chumvi ambayo tangi halikuihitaji, ukigawa kwa lita 200 ni gramu 7 kwa kila lita. Kama ulianza kwenye 35 sasa hivi uko karibu na 42, yaani kipimo sahihi kingekusomea kama 1.031 na sio 1.024 (namba hiyo ni uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi). Samaki wako wamepanda na chumvi hiyo polepole siku baada ya siku na miili yao ina uwezo wa kutoa chumvi ya ziada, ndo maana wanaonekana wazima. Kamba hana nafasi hiyo, ametoka kwenye maji ya kawaida akaingia kwenye 42 kwa dakika moja, maji ya mwilini yanavutwa nje na mwili unashindwa. Tumbawe kujikunja wiki mbili ni hadithi hiyohiyo, lilianza kulalamika kabla hujaona kifo.

Utauliza mbona kipimo kinasema 1.024. Kile cha mshale ukikitumia bila kukisuuza, chumvi inaganda kwenye mshale, mshale unakuwa mzito hauinuki, unasoma chini kuliko ukweli. Na vikishika viputo vya hewa vinauinua, unasoma juu kuliko ukweli. Nimeona vipimo hivi viwili vya aina moja kwenye ndoo moja vikitofautiana kabisa, kwahiyo mimi siviamini kwa tangi la matumbawe. Tafuta refraktomita, kile kifaa kinachopima chumvi kwa kupitisha mwanga kwenye tone la maji, na uiseti kwa kile kimiminika maalum cha 35, sio kwa maji matupu ya kunywa, maana inaweza kusoma sifuri vizuri na bado ikakosea huku juu tunakokuhitaji sisi. Leo hata kabla hujaipata mpelekee mtu mwenye nayo chupa ya maji yako akupimie, usianze kurekebisha kwa kukisia hesabu yangu.

Ikithibitika iko 42, usiishushe kwa siku moja, waliobaki wameshaizoea na kuiteremsha ghafla ni kuwapiga mara ya pili. Toa lita 5 za maji ya tangi, rudisha lita 5 za maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, hapo unashusha kama 1 hivi. Fanya hivyo kila siku, siku saba zitakufikisha karibu na 35, na pima kila siku kabla ya kutoa. Joto la hayo maji lifanane na la tangi. Maji yanayopungua yenyewe nayo, kuanzia leo, unarudisha yasiyo na chumvi TU. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo pale maji yanapotakiwa kufika, kila asubuhi unajaza mpaka mstari basi.

Maji nayo, kama ni ya bomba moja kwa moja acha. Yana klorini au kloramini, yanaweza kuwa na shaba kutoka kwenye mabomba, na fosfeti itakayokuletea mwani. Tumia yaliyopita kwenye mashine ya osmosisi, inayosukuma maji kupita kwenye utando wa kuchuja, yenye chujio la mwisho la kuondoa madini, kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome 0.

Amonia ya 0.25 sijaipuuza ila haijaua kamba wako. Angalia konokono waliolala chali, mtoe mmoja umnuse, aliyekufa ananuka vibaya mno huwezi kukosea, na kila aliyeoza mle anatoa amonia. Watoe wote leo. Ambaye hanuki mgeuze tu, konokono wengine wakianguka chali kwenye mchanga hawawezi kujigeuza wakafa hivyohivyo. Alafu rudia kipimo kwenye mwanga wa mchana, rangi ya 0 na ya 0.25 kwenye vichupa vingi zinafanana sana chini ya taa ya tangi. Ikiendelea kuonekana baada ya kutoa mizoga basi bakteria wa tangi wanaoondoa amonia bado hawatoshi, punguza chakula. Nitriti kwenye maji ya chumvi haisumbui samaki kama kwenye maji baridi, kloridi inaizuia kuingia kwenye matamvua, kwahiyo hiyo hata ingekuwa juu kidogo isingekutia hofu.

Kuhusu kamba wa pili, umekuta ganda tu? Ganda jepesi linaloonyesha upande wa pili, limepasuka mgongoni, ndani hamna kitu? Basi inawezekana huyo yuko hai! Kamba hujivua ganda, na mabadiliko ya ghafla ya chumvi huwafanya wajivue kabla ya wakati, alafu wanajificha siku kadhaa mpaka ganda jipya ligumike. Aliyekufa kweli huwa mwili umegeuka mweupe au wa waridi na nyama iko ndani. Usipekue mawe kumtafuta, usiku washa tochi uangalie pole pole.

Shaba sasa. Tangi la mkononi na mawe yaleyale, muulize aliyekuuzia kama aliwahi kutibu samaki humo ndani. Shaba inanyonywa na mawe na mchanga alafu inarudi majini kidogokidogo muda mrefu baadaye. Nunua kipimo cha shaba, kikionyesha rangi yoyote weka chujio lile maalum la kunyonya metali, mkaa peke yake hautoshi, na ikigoma kushuka mawe yale utayaacha tu. Ikiwa 0 na chumvi imerudi 35 kwa wiki mbili bila kuyumba, jaribu konokono wawili tu kwanza. Usiwamwage. Mfuko ukishalingana joto wahamishie kwenye chombo, vuta maji ya tangi kwa mrija mwembamba uliofungwa fundo, yadondoke matone mawili matatu kwa sekunde mpaka maji yawe mara tatu ya mwanzo, saa moja hivi, kisha hamisha mnyama peke yake, maji ya mfuko mwaga. Ila waliosafiri siku nzima mfukoni usiwacheleweshe hivyo, ukifungua mfuko kaboni dayoksaidi inatoka, pH (kipimo cha ukali wa asidi ya maji) inapanda na amonia iliyojaa mle inakuwa sumu kali, hao bora uandae mapema maji yenye chumvi sawa na ya mfuko uwahamishie haraka.

Kiti cha pweza hapana, sio sasa. Wengi wanaofugwa wanakula vijidudu vya mchangani au ule utando mwembamba unaoota kwenye mawe, tangi la wiki tisa halina chakula hicho cha kumshibisha, atakufa njaa polepole na wewe utadhani ni maji tena. Yeye na anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayefanana na ua, wape angalau miezi sita.

Ukipata namba ya refraktomita na ya shaba niandikie zote mbili, pamoja na pH na alkali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), ndo nikuambie kuhusu hilo tumbawe.