Mwanangu, Tenga Hela ya Ukaguzi wa Nyumba Tatu

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limepoa kidogo, na jirani wa kulia bado hajaondoa kifusi chake. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, mama yako naye kausikiliza, halafu tukabishana. Ndiyo maana nakujibu kwa maandishi, ambako hakuna wa kunikatiza.

Umeuliza mtenge shilingi ngapi za kukagulia ile nyumba ya Goba kabla hamjatoa hela ya kuishika. Nami nakuuliza: mmetenga za nyumba ngapi? Maana ukaguzi, mwanangu, hulipiwa nyumba usiyoinunua. Ya ile utakayoinunua hata risiti hutaikumbuka. Inayouma ni ile unayompa injinia, akakwambia "hapa msinunue," ukarudi nyumbani na karatasi badala ya funguo. Anayenunua mara ya kwanza hutenga ya nyumba moja. Ikishaliwa na nyumba iliyokataliwa, ya pili anaikagua kwa macho, ya tatu anaikagua kwa matumaini.

Unajua ninakoelekea. Tabata.

Mwaka ule Mkapa anaingia madarakani, wewe ulikuwa unatambaa, kwa hiyo nyumba ile unaijua kwa kidole cha mama yako tu, kila tukipita. Vyumba vitatu, baraza pana, mwembe uani. Bei tuliiweza kwa kubana. Baba yako mkubwa akatuletea injinia mmoja mzee, msema machache, na malipo yake yalikuwa karibu nusu ya mshahara wangu. Mama yako alitaka hela hiyo iende kwenye mapazia.

Mzee yule hakuanza na kuta. Alitoa gololi mfukoni, gololi ya kijani ya kuchezea watoto, akaiweka sakafuni sebuleni. Ikatulia kidogo, kisha ikaanza safari. Ikapita chini ya kochi la mwenye nyumba, ikatokea upande wa pili, ikaenda kugonga ukuta wa uani. Mtoto wa mwenye nyumba akaikimbilia, akaifumbata, akakataa katakata kuirudisha. Tulicheka wote isipokuwa baba yake. Mzee akaufuata ukuta ule ule ulioguswa na gololi, akabandua kalenda iliyokuwa imetundikwa mahali pa ajabu, chini mno. Ufa. Ulianzia kona ya dirisha ukapanda mshazari, juu mpana kuliko chini, unameza sarafu.

Nyufa nyembamba kwenye plasta, alituambia, zisiwanyime usingizi. Plasta ikikauka hupasuka. Ufa wa mshazari unaopanuka unapopanda ni habari nyingine: msingi unashuka upande mmoja. Akatoka nje, akachimba kidogo kwa jembe la mwenye nyumba mwenyewe, akaufinyanga udongo kiganjani. Mfinyanzi. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa, na nyumba inapanda na kushuka pamoja nao. Akasema tusinunue, au tununue kwa bei ya kiwanja. Mwenye nyumba hakutaka hata kuisikia bei ya kiwanja. Mwezi haukuisha, akaja mnunuzi mwingine akaichukua.

Na mpaka leo imesimama! Si kusimama tu, imepandishwa ghorofa. Daladala likipita pale mama yako hasemi neno, ananigusa kwa kiwiko. Miaka yote hii.

Mimi hujiambia aliyeinunua atakuwa alichimba chini ya msingi akamwaga zege jipya, akaweka mifereji ya bati, akazungushia sakafu ya saruji ili maji yasinywewe na ule udongo. Hivyo ndivyo hutibiwa nyumba ya namna ile, na si kwa bei ndogo. Ukijumlisha na aliyolipa kununua, huenda kanunua nyumba mbili. Au pengine mzee wetu alikuwa mwoga tu. Mama yako anasema gololi inatembea hata hapa kwetu, na nimejaribu, ni kweli, inaelekea jikoni. Haya. Lakini sikumlipa yule mzee anitabirie kuanguka kwa nyumba. Nilimlipa nijue nauziwa nini, na nilijua. Ukaguzi hulipiwa nyumba usiyoinunua. Mama yako anasoma begani kwangu hapa, anaguna.

Kwa hiyo pangeni ukaguzi kwa bei, wa bure utangulie, nyumba mbaya ikataliwe kabla haijala hela. Wa bure ni miguu yenu. Nendeni Goba mvua ikiwa inanyesha, si kesho yake. Dalali atasema njia imeharibika. Hiyo yenyewe ni taarifa. Tazameni maji yanatoka wapi na yanaishia uani kwa nani. Mwenye genge la jirani muulizeni maji ya bomba yanatoka siku zipi, na kwa nini muuzaji anahama. Mkute nyumba imepakwa rangi mpya mita moja tu kutoka sakafuni, jueni kuna chumvi au unyevu unapanda ukutani. Fungueni mabomba yote, vuteni vyoo vyote kwa pamoja, mmoja wenu akiwa amefunua chemba nje anatazama.

Baada ya hapo ndipo mlipie upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na mengine yote, nao utawaonyesha jina lililomo, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mahakama, na miaka iliyobaki kwenye hati, maana hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99, si za milele. Kodi ya pango la ardhi isipolipwa, deni hulimbikizwa na kukwamisha uhamisho. Muuzaji ana mke? Mke aridhie kwa maandishi, mbele ya wakili, msiambiwe "atakuja kusaini baadaye." Sheria ya Ndoa tangu 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Wa tatu ni mpima ardhi, awaonyeshe bikoni zote nne, yaani vile vigingi vya mipaka ya kiwanja, kila moja muiguse kwa mkono. Wengi wanamruka huyu kwa sababu nyumba inaonekana imara. Nyumba ya mjomba wako Kimara haikuwa na ufa hata mmoja. Yule mzee wa gololi angeivulia kofia. Ikaondoka 2017 pamoja na nyingine za kando ya Barabara ya Morogoro, kwa kuwa ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Hakuna fundi anayeweza kuyaona hayo kwa kugonga ukuta.

Injinia aje wa nne, na fundi umeme pamoja naye. Mwambieni tangu mwanzo mnataka ripoti ya maandishi yenye picha na makadirio ya matengenezo, kwa sababu hiyo ndiyo itakayowashushia bei. Asiletwe na dalali, wala asiwe ndiye atakayepewa kazi ya kurekebisha. Mthamini awe wa mwisho. Mnasema benki itamleta wa kwake; sawa, lakini mkumbuke kwamba hela mtatoa ninyi na kazi anaifanyia benki. Atawaambia nyumba inauzika kwa kiasi gani. Hatapanda darini kwa ajili yenu.

Na hiyo hela ya kuishika nyumba, iandikwe kwenye makubaliano kwamba itarudi upekuzi au ukaguzi ukikwama. Muuzaji akikataa kuandika, mmeshakagua tayari, na bila gharama.

Ukinibana nitaje kiasi: kwa nyumba ya bei hiyo mliyoambiwa, mimi ningetenga milioni tatu, kila nyumba milioni yake, nikazihesabu zimekwenda siku ile ile nilipozitenga. Zikibaki, nunueni mifereji ya bati. Mume wako ataona ni nyingi. Mwambie zimepangwa na mkwe wake, ambaye hanunui.

Sasa lile ambalo hukuliuliza lakini nalisikia kwenye sauti yako: mnunue au msinunue? Sisemi. Mtakaolipa mkopo ni ninyi, mtakaolala humo ni ninyi, na mimi nimeshaambiwa miaka yote hii kwamba naogopa nyumba. Sisemi chochote. Ila umetaja mara mbili kwamba nyuma kuna "kabonde kenye mandhari nzuri," na bonde la Goba masika huwa na jina lingine. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mpima aje na futi kamba, apime kutoka kwenye hayo mandhari. Zikiwa 61, sina neno. Zikiwa 40... nimesema sisemi.

Upekuzi ukitoka nitumieni picha kabla hamjamlipa injinia. Naye akipanda darini asipande peke yake. Mume wako apande na bisibisi, achomechome kenchi. Mbao iliyoliwa na mchwa haiizuii bisibisi.

Baba yako