Kutimiza miaka 18 hakumvui babake jukumu papo hapo

Dada uliyeuliza jana: umesema bintiyo anatimiza miaka 18 mwezi Oktoba, na babake ameshakutumia ujumbe kwamba siku hiyo amri ya mahakama ya kumlipia mtoto matunzo imekufa na yeye hadaiwi tena hata shilingi. Nimepitia hayo hayo hapa Mombasa na wa kwangu, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kuna jambo moja analosema kweli. Akishafika 18, mahakama ya watoto haimpangii tena bintiyo alale kwa nani wala amtembelee baba wikendi gani. Hayo yamekwisha. Akitaka kwenda ataenda, asipotaka hakuna hakimu wa kumlazimisha, na wewe pia huna amri ya kumzuia.

Pesa ni habari nyingine. Hapa Kenya, tangu Sheria ya Watoto ya 2001, mahakama imekuwa na uwezo wa kuongeza muda wa jukumu la mzazi kupita miaka 18 pakiwa na hali maalumu, na sheria mpya ya 2022 haikuuondoa. Ombi unaweza kulipeleka kabla ya siku ya kuzaliwa au hata baada yake, na mtoto mwenyewe anaruhusiwa kuomba. Wengi wetu tunaomba kwa sababu ya masomo: mtoto anamaliza kidato cha nne akiwa na 17 au 18, halafu chuo kinaanza pale pale ambapo amri inakatika. Mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu naye huombewa.

Lakini usidhani ukisema "anasoma" basi imetosha. Mimi niliulizwa: barua ya chuo iko wapi? Karo ni kiasi gani kwa muhula? Ameomba mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo? Na wewe mama unatoa nini? Hilo la mwisho lilinichoma, maana mimi ndiye niliyemlisha miaka yote. Ila Katiba, kifungu cha 53, inaweka jukumu la malezi sawasawa kwa baba na mama, wawe wameoana au la. Kwa hiyo nenda na risiti zako na taarifa za M-Pesa. Amri niliyopata ilikuwa nusu ya karo hadi amalize kozi. Pesa ya matumizi nilinyimwa.

Malimbikizo ya matunzo ambayo baba hakulipa kabla ya birthday hayafutwi. Yaandike mwezi kwa mwezi, uyaombe waziwazi.

Sasa lililoniumiza kuliko yote. Wakili alitaka binti yangu atie sahihi hati ya kiapo, akakataa. Alilia akaniambia, "Mama, mimi simshtaki baba." Nilikasirika, nikamsema maneno ambayo hadi leo najuta. Ombi likaenda kwa jina langu, kwa kiapo changu, naye akatoa barua ya chuo tu. Ilitosha. Kwa hiyo zungumza na bintiyo kabla hujazungumza na wakili. Mwambie unaomba nini, mwache achague atasimama wapi, na akikataa usimnunie.

Oktoba si mbali. Nenda masjala ya mahakama, pale wanapotunza mafaili ya kesi, wiki hii na nakala ya amri ya zamani, uulize namba ya faili. Yangu walichukua wiki tatu kuipata.